Ng'ombe wa Rambirambi

Watu wa kwetu wanajua kula matanga kuliko wanavyojua kuuguza. Ulale kitandani mwezi mzima, hutamwona wa kukuletea hata maji ya kunywa. Kata roho uone. Jua halijazama, viti vya plastiki vimejaa ua mzima na kila anayefika anatafuta moshi wa jikoni unatokea wapi. Nasema haya bila kupepesa macho, maana nimezaliwa Sikuda na kukulia Sikuda, na leo nauza vitunguu pale Busia, asubuhi upande huu wa mpaka na jioni upande ule, na matanga nimekula na mimi. Wahenga walisema kufa kufaana. Walisema tu, jamani, hawakualika mtu.

Baba yangu alikuwa mbeba mizigo. Alianzia Malaba, akahamia Busia, akashusha saruji kutoka lori hili na kuipandisha lori lile, vumbi likimwingia puani na kwenda kutulia kifuani. Alipoanza kukohoa, tajiri wake alimwambia apumzike kidogo, na nafasi yake ikachukuliwa siku hiyo hiyo. Basi akaja nyumbani kupumzika. Sisi tukajifunza kula mara moja kwa siku. Mama alianika mihogo juu ya jiwe, akaisaga, akakoroga uji mwepesi ambao tuliuita chai ili tuonekane tumekunywa chai. Sabuni ilikuwa ya shingo na miguu, siku ya kanisa. Sisimulii haya nionewe huruma. Huruma ya watu naijua, haina hata chumvi.

Mali yetu ilikuwa ng'ombe mmoja. Dume wa kulimia, mwekundu, pembe yake ya kushoto imepinda na kushuka karibu na jicho. Sasa, plau haivutwi na ng'ombe mmoja. Kwa hiyo maskini wa kwetu wana utaratibu wao: wewe una wako mmoja, jirani ana wake mmoja, mnawafunga nira moja, leo mnalima kwako na kesho mnalima kwake. Wa kwetu alifungwa na wa mzee jirani, mgane aliyehamia kutoka Paya na wajukuu zake. Wale ng'ombe walikuwa wamezoeana tangu ujana wao. Wetu alitembea kulia, wake kushoto, na ukijaribu kuwabadilisha hawaendi, wanasimama wanakutazama tu. Kwa ng'ombe wale wawili nyumba mbili zilikula. Akiondoka mmoja, nyumba zote mbili zinarudi kwenye jembe la mkono, na kwa jembe la mkono mama yangu, akiwa na mimi na wadogo zangu, angelima nini zaidi ya kitanda kimoja cha mboga za sukuma?

Baba alipozidiwa, wazee wa ukoo wakaanza kutukumbuka. Aliyewaongoza ni kaka yake, baba yetu mkubwa, mtu wa tumbo na fimbo. Yeye ng'ombe wetu alimjua vizuri, maana kila msimu alikuja kumwazima, akamrudisha ana njaa na alama za fimbo mgongoni. Waliingia ndani, wakamwuliza baba anaendeleaje, hawakungoja ajibu, wakatoka kwenda kusimama karibu na kigingi cha ng'ombe. Macho hayana pazia, sawa, lakini kuna macho ambayo hata aibu hayana. Baba mkubwa akampapasa ng'ombe ubavuni, akamminya nundu kama mama anayechagua parachichi sokoni.

"Hii ng'ombe nanenepa," akasema kwa Kiswahili chake cha mpakani. "Ndugu yangu nachunga hii vizuri."

Baba alikuwa anasikia yote. Dirisha letu lilikuwa tundu lililozibwa na gunia. Walipoondoka akamwita mama, na mimi nikaingia nyuma yake na bakuli la uji.

"Mimi watanitia udongoni," baba akasema. "Yule watamtia tumboni. Mpeleke kwa shemeji yangu kabla sijafa."

Mama akamwambia aache maneno ya kufa.

"Nitaacha," akasema. "Lakini mpeleke."

Nampenda baba yangu kwa maneno yale mpaka leo. Wanaume wengi wa kwetu hufikiria jeneza lao litakuwa na vipini vya rangi gani. Yeye alifikiria nani atalima.

Shemeji yake ni mjomba wangu, ndugu wa mama, anayekaa upande wa Kenya. Ni mwendesha bodaboda, ana shati jeupe moja ambalo analitunza kuliko pikipiki. Watu wa mbali wakisikia habari za njia za panya wanadhani ni mambo ya giza, na kweli gizani ndiko wanakokamatwa wajinga. Mama alichagua mchana wa jua kali, siku ya soko, wakati kila mtu anavuka na kitu. Mimi nilishika kamba, yeye akafuata nyuma na mzigo wa majani kichwani. Mpaka wenyewe pale ni jiwe lililopakwa chokaa katikati ya shamba la mtama la mtu. Askari mmoja alikuwa amekaa kivulini anakula muhogo wa kuchoma.

"Mama, nakwenda wapi na ng'ombe?"

"Josho," mama akasema. "Tunamwogesha dawa."

"Josho ya Kenya?"

"Kupe ni wale wale, afande."

Askari akacheka mpaka muhogo ukamkwama kooni, akatupungia mkono tupite. Tulimkuta mjomba nyumbani kwake, mama akamweleza yote, kwamba mgonjwa hana siku nyingi, kwamba ukoo unamtolea macho ng'ombe, kwamba afungwe nyuma ya jikoni asionekane, na mvua ikianza atakuja kumchukua. Mjomba akaweka mkono kifuani.

"Dada, usiwe na wasiwasi. Ng'ombe wako ni kama ng'ombe wangu."

Mama alifurahi kusikia hivyo. Njia nzima ya kurudi alitembea kwa wepesi, akanisimulia jinsi walivyochunga pamoja utotoni.

Baba alifariki mawingu yakiwa yameanza kukusanyika. Tulimlilia sisi, kweli kweli, na mama sauti ikamkauka. Wazee wa ukoo walifika, wakalia mlangoni kidogo kama wanaobisha hodi, kisha wakaenda moja kwa moja kwenye kigingi. Hapo ndipo nilipoona uchungu wa msiba. Baba mkubwa alizunguka kile kigingi kitupu, akarudi kwa mama ametokwa jasho.

"Ng'ombe iko wapi?"

"Nilimuuza, shemeji. Nikanunua dawa."

"Dawa gani nameza ng'ombe mzima, halafu mtu nakufa?" Akawageukia wenzake. "Mwanamume mwenye mji, mwenye mke na watoto, hazikwi na maharage. Ndugu yangu nazikwa kama mtoto wa shule."

Siku zilizofuata sikusikia habari za marehemu. Nilisikia habari za maharage. Walikodi turubai, wakakodi spika, wakagombana ni nani atashika maikrofoni, na kila mwenye maikrofoni akaanza kwa kusema hali ya chakula si nzuri, tuvumilie. Mgombea fulani alikuja akatuambia baba alikuwa nguzo ya jamii. Jina la marehemu alilikosea mara mbili, akasahihishwa na mtu wa jikoni. Mama alikaa kwenye mkeka kando ya jeneza, kichwa kimefungwa leso, na mimi nilijua jambo moja linalompa nguvu ya kukaa pale. Huko ng'ambo, nyuma ya jiko la mjomba, kuna msimu wetu unatafuna majani.

Kwetu wakwe, yaani ndugu wa upande wa mke, hawaji mazishini mmoja mmoja. Wanajikusanya, wanafika kwa msafara, wanaimba, wameshika matawi. Na mkono mtupu haulambwi. Ukoo wa marehemu huwatazama mikono kabla ya kuwatazama nyuso. Wakija na mnyama, watasifiwa mpaka kwa vitukuu. Wakija na mkate na kreti ya soda, watachekwa kwa muda huo huo, na binti yao aliyeolewa pale ataitwa mtoto wa wala mkate kila akigombana na mtu kisimani.

Siku ya mazishi tukausikia wimbo wao kutoka upande wa mpaka. Watu wakageuka. Wazee waliokuwa wanasinzia chini ya turubai wakaamka. Mbele ya msafara alikuwa mjomba, shati jeupe limepigwa pasi, ameshika kamba mkononi, na nyuma ya kamba alikuja ng'ombe wetu, amevalishwa majani shingoni, pembe yake ya kushoto imeshuka karibu na jicho.

Mama alinishika mkono. Alinishika mpaka vidole vikaniuma.

Elewa alivyobanwa. Akisema ng'ombe ni wake, amekiri mbele ya jeneza kwamba alidanganya ukoo na kuficha mali ya marehemu. Akinyamaza, ng'ombe anachinjwa. Na kila mtu pale alimjua yule ng'ombe. Baba mkubwa alilima naye misimu yote ile. Nilimwona akiitazama ile pembe, akamtazama mama, akaitazama pembe tena, halafu akatabasamu, tabasamu la mtu aliyekuta nauli kwenye koti la zamani. Akaichukua maikrofoni.

"Wakwe wetu ni watu," akasema. "Hawa ni watu. Wanakuja na kitu kinaonekana."

Mama akasimama, akamfuata mjomba pembeni, mimi nyuma yake.

"Umefanya nini?"

"Dada, ulitaka nije na mkate?" Mjomba alikuwa ananong'ona, lakini uso wake uling'aa, Mungu ananiona, kama mwanafunzi aliyepata hesabu. "Ukoo mzima uliahidi kuchanga, hakuna aliyechanga. Nikasema, si ng'ombe yupo? Ng'ombe ni wako, msiba ni wako. Nimekuondolea aibu."

Alikuwa anasema kweli. Hakuwa mwizi, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu mwizi ungemshtaki. Fedheha ilimtisha kuliko njaa, maana fedheha ingekuwa yake na njaa ingekuwa yetu.

Vijana walikuwa wameshachukua kamba. Mama akavuka ua mzima, mbele ya waombolezaji wote, akasimama kati yao na yule ng'ombe, na hakuhitaji spika.

"Huyu ni ng'ombe wangu," akasema. "Sikumuuza. Nilimficha. Marehemu mwenyewe aliniambia nimfiche, kwa sababu aliwajua. Bila huyu mimi silimi, na mzee jirani halimi. Nipeni kamba."

Nikafikiri, sasa wataona haya. Nilikuwa bado mtoto, ndiyo sababu.

Baba mkubwa akaja polepole, akamwekea mkono begani, sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia kwake kabla wala baada.

"Masikini," akasema. "Uchungu napanda kichwani. Mnaona? Huyu mama namwona ng'ombe ya wakwe, nasema ni ya kwake. Muchukue yeye ndani, mupe maji."

Na watu wakaitikia. Wakaguna kwa huruma. Shangazi wawili wakamshika mama huku na huku, wanampapasa mgongo, wanamwambia pole, pole, itapita, na kadiri alivyozidi kusema ni wangu, ndivyo walivyozidi kumsikitikia. Mwanamke mmoja alitoa khanga akawa anampepea. Hao hao walikuwa wamekata majani ya yule ng'ombe kutoka kwenye mashamba yao, walikuwa wamemfukuza kwenye mihogo yao, walikuwa wakimwita kwa jina. Nikamtafuta mzee jirani. Nusu ya riziki yake ilikuwa imefungwa kamba pale, nikajua yeye atasema. Mzee aliinama akatazama viatu vyake. Hakuwa na viatu, akatazama miguu.

Wakamchinja. Mwanamume mwenye mji akazikwa na nyama. Baada ya hapo spika ikapiga nyimbo, na mjomba alikalishwa kwenye kiti cha heshima akapewa maini. Ile nyama niliila. Tena niliomba nyongeza. Nani mwenye njaa angeiacha, na kwa faida ya nani? Mama aliletewa sahani mle ndani. Akaigawa kwa wadogo zangu, akapangusa vidole kwenye mkeka, akauliza kama mvua imeanza.

Ilianza wiki iliyofuata. Mzee jirani alikuja asubuhi na ng'ombe wake, akasimama kwenye ua, labda mazoea tu ndiyo yaliyomleta. Ng'ombe mwenyewe alikwenda kusimama upande wake wa kushoto, akangoja. Mama alimkaribisha mzee uji. Hawakulaumiana. Kabla mwezi haujaisha, mzee alimuuza ng'ombe wake kwa mchinjaji wa Malaba, akaenda na wajukuu kukaa kwa binti yake, akajiunga na wanaobebea watu mizigo sokoni, mzee wa umri ule.

Sisi tulilima kwa mkono kipande kidogo karibu na nyumba, mikono ikatoka malengelenge, na shamba lililobaki likaota nyasi. Hapo ndipo baba mkubwa alipotukumbuka tena.

"Shamba nalala hivi ni dhambi," akamwambia mama. "Mimi nalima, nyinyi mnapalilia, tunagawana. Ukoo hauwezi kuacha watu yake."

Akaleta ng'ombe wawili wa kukodi kutoka Mwello. Kumbe pesa za ng'ombe alikuwa nazo siku zote, ila siku ya kuhangaika na maharage hazikuonekana. Mama alikubali. Msiniulize kwa nini alikubali. Ulizeni wadogo zangu walikuwa wanakula nini. Tukapalilia shamba letu wenyewe kama vibarua, baba mkubwa akipita kwenye mipaka na fimbo yake, akituonyesha palipobaki gugu. Mahindi yakastawi, hayajui ugomvi wa watu. Akayavuna, akayapukuchua kwake, akayaanika kwake, na habari za kugawana zikakauka pamoja nayo. Mama alikwenda kuuliza mara ya kwanza akaambiwa bado yana unyevu. Mara ya pili akaambiwa baba mkubwa amesafiri, na tuliona fimbo yake imeegemezwa mlangoni.

Jumapili moja baada ya mavuno, mwalimu wa kanisa alitangaza kuna ndugu amekuja na shukrani. Baba mkubwa akapita mbele, koti limefungwa vifungo vyote. Vijana walimbebea gunia la mahindi, fungu lake la kumi, na debe moja pembeni lililojaa mpaka juu. Mahindi ya shamba letu, nayajua, ile mbegu ya manjano manjano alikuwa nayo baba peke yake. Akasema Biblia inatuagiza kuwatunza wajane. Akasema hakutaka mkono wa kushoto ujue unachofanya wa kulia, lakini wazee wamemlazimisha. Kisha akamwita mama aje apokee debe lake, na watu wakapiga makofi.

Mimi nilitaka alimwage. Nilikaa pale kwenye benchi nikiomba, tena kanisani, alipige teke lile debe mahindi yatawanyike mpaka madhabahuni.

Mama alikwenda mbele taratibu. Akapiga goti kidogo kumsalimu shemeji yake, kama inavyotakiwa. Halafu akainama, akalishika debe kwa mikono miwili, akalitikisa. Akaligonga chini kwenye sementi, akalitikisa tena, akaligonga tena, kama wanavyofanya wanawake wa soko la Busia wanapomjua muuzaji. Mahindi yakashuka chini ya ukingo. Makofi yakaisha moja moja.

"Halijajaa, shemeji," akasema. "Ongeza."

"Mama, hapa ni kanisa," baba mkubwa akasema.

"Najua. Ongeza."

Baba mkubwa alitazama watu, watu wakamtazama. Akafungua mdomo wa gunia la Bwana, akachota kwa mikono yake, akajaza. Mama akamshukuru. Kisha akainama akalitikisa tena.